Mtani Asikamatwe

Kitu ninachowaonea wivu Wamarekani ni mtu kukaa mezani saa tano na nusu usiku, kavaa suti kama msomaji wa taarifa ya habari, akaichambua siasa ya siku hiyo kwa vichekesho nchi nzima ikimsikia, kisha akaenda zake kulala na kesho akarudi kazini.

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Ohio, na televisheni ya ukumbini haizimwi. Nyumbani Tanzania wengi wanavijua vipindi hivi kwa vipande vinavyozunguka kwenye simu, kwa hiyo wanamwona mtu mmoja tu mwenye mdomo mwepesi. Nyuma yake kuna kundi la waandishi, kuna wanaopekua video za zamani kutafuta mbunge aliyesema hivi leo na vile mwaka juzi, na kuna wanasheria wa kituo. Mtindo huo ulikomaa kwenye kipindi cha The Daily Show, kilichoanza mwaka 1996 na kupata makali mchekeshaji Jon Stewart alipokichukua mwaka 1999. Desemba 2010, Stewart alitumia kipindi kizima kwa ajili ya waokoaji wa Septemba 11 waliokuwa wagonjwa, akazungumza na wanne kati yao, wakati muswada wa kuwagharamia matibabu umekwama kwenye Seneti. Siku chache baadaye muswada ulipita. Siwezi kudai ni yeye peke yake aliyeupitisha, ila vituo vikubwa vya habari vilikuwa vimelipita jambo hilo kwa mbali, na mchekeshaji ndiye aliyelisimamia.

Nisiwapambe kupita kiasi. Julai 2025 Stephen Colbert, mwenye kipindi cha vichekesho cha usiku kwenye kituo cha CBS, aliibeza hewani kampuni mama ya kituo chake kwa kumlipa Rais Trump dola milioni 16 ili kumaliza kesi. Siku tatu baadaye CBS ikatangaza kwamba kipindi chake kitafungwa Mei 2026, ikisema sababu ni hasara tupu. Septemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Jimmy Kimmel, mwenzake wa kituo cha ABC. Mwenyekiti wa mamlaka ya utangazaji alimkemea hadharani kwa maneno aliyoyasema baada ya kuuawa kwa Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina, kampuni mbili zinazomiliki vituo vingi vya mikoani zikasema hazitamrusha, na ABC ikamsimamisha. Wenzetu walidhani mambo haya ni ya nchi zetu.

Lakini angalieni kilichofuata. Vyama vya waandishi na waigizaji vilipinga kwa sauti, wasanii zaidi ya 400 wakatia saini barua ya wazi, watazamaji wakaanza kukatisha malipo yao ya Disney, kampuni inayoimiliki ABC, na hata wachekeshaji wa vituo pinzani wakamtetea. Haikufika wiki, Kimmel akawa amerudi mezani. Nimeyafuatilia yale mchana na usiku, na roho iliniuma nikiwaza wachekeshaji wetu.

Maana kipaji kwetu hakijawahi kupungua. Waliokuwepo wanakumbuka Ze Comedy ilivyokuwa ikianza pale EATV, kabla kundi halijahamia TBC: Joti, Masanja, Mpoki na wenzao wakiiga watu wakubwa, mtaa mzima umejazana kwenye televisheni moja, wa CCM na wa CUF wakicheka kitu kile kile. Hilo Marekani hawana tena. Wazee ninaowahudumia wamegawanyika hadi kwenye kicheko: wengine walikuwa wakitaka Colbert, wengine Gutfeld wa Fox News, kituo cha wahafidhina, na rimoti ikawa inaleta ugomvi.

Kenya walithubutu zaidi. Mwishoni mwa utawala wa Moi, vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwigiza Rais mwenyewe, jambo lililokuwa halifikiriki miaka michache kabla. Mwaka 2009 ukaja The XYZ Show na vikaragosi vya mpira vyenye sura za wakubwa. Aliyeubuni ni Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam. Mtoto wa Dar ilibidi avuke mpaka ndipo kazi yake ipate uwanja wa ukubwa ule, na hilo linanisikitisha kila ninapolikumbuka.

Sisi tuliobaki upande wa pili tukapata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alibadilishana sura na Rais Magufuli kwenye picha, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa Rais, akaishia polisi. Mwaka uliofuata alikamatwa tena baada ya video aliyoonekana akiicheka picha ya zamani ya Rais, na shtaka lililofika mahakamani likawa la usajili wa laini ya simu. Hakuna chama cha wasanii kilichogoma wala kituo kilichozima matangazo kwa ajili yake. Alisimama na wakili wake na mashabiki wa mtandaoni.

Na hapa ndipo nashindwa kukubaliana na wanaosema kumkejeli mkubwa ni utamaduni wa kigeni. Utani ni wa nani? Mnyamwezi akifika kwenye msiba wa Mzaramo anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, akamsema marehemu kwa ubahili wake mbele ya wajane, na hakuna anayemgusa. Mchaga na Mpare wanasemana mpaka mgeni adhani wanapigana. Babu zetu walimwekea mtani kinga kabla Marekani haijawa na televisheni, na walijua kwa nini: yapo maneno ambayo ndugu hawezi kuyasema na lazima yasemwe. Hata viongozi wetu hupenda kuutumia utani huo jukwaani wakiwa wao ndio wanaotania.

Kinga hiyo ndiyo ninayoidai iingie kwenye sheria zetu za habari na mtandao: kwamba mzaha kuhusu kiongozi kwa kazi yake ya umma si kosa la jinai, na aliyeudhika aende mahakama ya madai kama raia wengine. Wenye vituo nao waajiri waandishi wa vichekesho kama wanavyoajiri waandishi wa habari, wawalipe, na wasimame nao wakiitwa. Na sisi tulio nje, tunaochangisha fedha haraka sana kwa misiba na harusi, tunaweza kulipa wakili wa kijana mmoja aliyekamatwa kwa sababu ya picha. Mimi nimeshawaambia wenzangu hapa kwamba niko tayari kuanza.