Bwana Kovalevskoi

Mtihani wa mdomo wa Urusi hauna huruma. Bileti, yaani vikaratasi vya maswali, zinalazwa kifudifudi mezani, unaokota moja, unakaa pembeni kujiandaa, kisha unaitwa mbele kujieleza. Siku hiyo swahiba wangu, mtoto wa Tanga, aliokota teorema ya hisabati, ile ya Cauchy na Kovalevskaya, akanikonyeza kwamba kaokota dodo chini ya mnazi. Ni kweli, teorema hiyo ni ya milinganyo tofautishi, na hiyo alikuwa anaitafuna.

Shida ni hilo jina. Kwa Kirusi, kitu kikiwa cha Kovalevskaya, jina linageuka mkia: bileti iliandikwa "Kovalevskoi". Na jamaa alishamsikia mwandishi Tolstoi. Basi akaamini huyu naye ni mzee mwenye ndevu.

"Bwana Kovalevskoi alithibitisha kwamba..."

Kwa Kiswahili angeweza kupenya. Akina sisi "alithibitisha" haina sketi wala suruali. Kitenzi cha Kirusi kinakuumbua papo hapo. Profesa, bibi mmoja mkavu, akavua miwani.

"Bwana nani?"

Hesabu zikawekwa kando, tukamwagiwa historia. Sofia, binti wa jenerali, kazaliwa Moscow mwaka 1850. Nyumbani karatasi za kupamba kuta zilipungua, chumba cha watoto kikabandikwa mihadhara ya kalkulasi ya mwanahisabati Ostrogradsky, mtoto akawa anaikodolea macho kutwa. Vyuo vya Urusi havikupokea wanawake, na bila ruhusa ya baba au mume hatoki nchini, kwa hiyo mwaka 1868 akafunga ndoa ya jina tu na kijana Kovalevsky. Chuo cha Göttingen, Ujerumani, wakampa udaktari mwaka 1874, na mwaka 1884 akawa profesa Stockholm.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, profesa," jamaa akajibu kwa unyenyekevu wote. "Kumbe aliithibitisha pamoja na mumewe, Cauchy."

Cauchy, Mfaransa yule, alifariki mwaka 1857. Bi harusi angekuwa na miaka saba.

Mimi hapo nilishindwa. Kicheko kilinitoka kwa puani. Bibi naye mabega yalianza kumcheza, akajifuta machozi, akamwandikia jamaa nne juu ya tano, maana uthibitisho wenyewe alikuwa ameushusha bila kosa. Kisha akavaa miwani, akanigeukia.

"Wewe unayecheka, njoo. Bileti iache hapo hapo. Niambie Kovalevskaya aliandika nini kuhusu pete za Zohali."

Nilichokijua kuhusu pete za Zohali ni kwamba zipo. Nikamwambia hivyo, kwa Kirusi safi kabisa.