Mary Cassatt alikuwa mwanafunzi, si mwizi

Ukisema leo kwamba mchoraji wa Paris wa karne ya 19 alijifunza kwa Wajapani, utasahihishwa upesi: hakujifunza, aliiba. Shtaka hilo lina msingi. Japani ilifungua bandari zake baada ya manowari za Marekani kuitishia mwaka 1853 na 1854, na chapa zake za mbao, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, zikaanza kumiminika Ulaya. Mwaka 1876 mchoraji Mfaransa Claude Monet alionyesha picha ya mkewe akiwa amevaa kimono nyekundu, joho la Kijapani, na wigi la nywele za dhahabu, ukuta mzima nyuma yake umepambwa kwa mapepeo. Hayo ni mapambo tu, siyatetei.

Ninayemtetea ni Mary Cassatt, mchoraji Mmarekani aliyeishi Paris. Aprili 1890, maonyesho ya chapa za Kijapani, zaidi ya 700, yalifunguliwa katika chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts. Alizitazama akaona kazi ya kufanya. Mwaka uliofuata alionyesha chapa zake 10 za rangi: mwanamke anayenawa, mwingine anafunga bahasha kwa ulimi, mama anamwogesha mtoto. Mbao hakuzigusa, alikwangua mabamba ya shaba, akayapaka rangi kwa mkono, upya kwa kila karatasi. Mwenyewe alikiri kwamba alianza kwa nia ya kuiga mbinu za Kijapani, kisha akaiacha kiasi baada ya bamba la kwanza. Mwizi hasemi hivyo.

Kinachonisumbua ni 25. Kila chapa ilitolewa nakala 25 tu. Katika mji wa Edo, Tokyo ya leo, chapa zilitoka kwa maelfu, na moja iliuzwa kwa bei ya kukaribiana na bakuli la tambi. Fundi na mchuuzi waliweza kuibandika nyumbani. Sanaa ya watu wa mtaani ilipofika Paris ikawa mali ya wakusanyaji wachache. Wanaomlaumu Cassatt wangeanzia hapa, si kwenye kimono, maana hapa kuna hasara halisi. Hata hivyo uchache huo haukuwa ujanja wa kupandisha bei peke yake: alisimulia kwamba yeye na mchapaji wake walifanya kazi saa nane kwa siku, kwa nguvu zao zote, wakapata nakala nane au kumi.

Na huyo mchapaji anajulikana. Chapa ya Kijapani ilipita mikononi mwa mchoraji, mchongaji na mchapaji chini ya mchapishaji. Mara nyingi jina la mchoraji na alama ya mchapishaji ndivyo vilivyobaki, wengine wakapotea. Cassatt aliandika kwa mkono wake chini ya karatasi zile, kwa Kifaransa: imechapwa na msanii pamoja na Bwana Leroy.