Bajeti isiyo na nakisi iandikwe kwenye Katiba? Mimi bado sijashawishika

Kila Juni waziri wa fedha akishamaliza kusoma bajeti kule Dodoma, huku Dar vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanabaki na namba moja tu kichwani, deni la taifa. Limeshavuka shilingi trilioni 100, na hapo ndipo huwa anatokea mtu na hoja kwamba dawa ni moja tu, tuandike kwenye Katiba serikali isiruhusiwe kutumia zaidi ya inachokusanya, mchezo uishe. Hoja siyo ya kitoto kabisa, ila tuipime kwanza kabla ya kuishangilia.

Tuwekane sawa kwenye kitu kimoja. Bajeti yetu ukiisoma juu juu mbona imeshabalansi, ya 2025/26 ni trilioni 56.49 kuingia na trilioni 56.49 kutoka, tatizo ni kwamba kwenye hiyo ya kuingia mikopo na misaada imo ndani, mapato ya ndani yenyewe ni kama trilioni 40. Kwa hiyo ukiandika kwenye Katiba "mapato na matumizi yalingane" bila kusema mkopo siyo mapato, umeandika sentensi ambayo serikali yoyote duniani inaitimiza kabla ya chai ya asubuhi.

Haya, wanaoitaka wana pointi. Mwanasiasa anakopa leo, anakata utepe leo, anayelipa ni mtu ambaye hata kupiga kura bado, sasa kwa nini ajizuie mwenyewe? Na sheria za kawaida hazimzuii, angalia majirani zetu Kenya, 2019 waliweka ukomo wa deni shilingi za kwao trilioni 9, ulipokaribia kujaa Bunge likasogeza hadi trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakaachana na namba kabisa wakaweka asilimia ya pato la taifa. Sisi wenyewe tulishawahi kuzama mpaka tukasamehewa, 2001 kupitia HIPC, mpango wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa, halafu 2006 tena Benki ya Dunia na IMF wakafuta sehemu kubwa, na huwezi kupanga maisha kwa kutegemea kusamehewa mara ya tatu. Halafu wapo waliofanikiwa. Uswisi wananchi walipiga kura Desemba 2001, kama asilimia 85 wakakubali breki ya deni iingie kwenye Katiba, ikaanza kazi 2003 na deni la serikali yao kuu likashuka. Ila ya Uswisi haisemi kila mwaka lazima zilingane, inaruhusu nakisi mwaka mbaya na inadai ziada mwaka mzuri, watu wengi wanaoitolea mfano hii sehemu wanairuka.

Marekani ndiyo kwenye sinema ndefu zaidi. 1995 marekebisho ya namna hii yalipita Baraza la Wawakilishi, kwenye Seneti yakakosa kura moja tu, wakarudia 1997 yakakosa kura moja tena. Cha kuchekesha, kuanzia 1998 hadi 2001 wakapata ziada bila kifungu chochote, uchumi ulikuwa unapanda na kodi zinaingia. Anayepinga anasema ona, haikuhitajika. Anayetaka anasema ona, baada ya 2001 walirudi kulekule kwa sababu hakukuwa na kufuli. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo na ndiyo maana huo mfano peke yake haunisaidii sana.

Unaonisaidia ni wa kwetu, na nashangaa hautajwi. Tanzania tulishajaribu kitu kinachofanana sana na hiki. Mkapa alipoingia alikuta hali mbaya, wafadhili walishasimamisha misaada kwa hasira ya misamaha ya kodi, mfumuko wa bei uko juu ya asilimia 20, na mwaka 1996 serikali ikaanza bajeti ya fedha taslimu, yaani wizara inapewa kulingana na kilichokusanywa, siyo kilichoandikwa kwenye kitabu cha bajeti. Na kwenye mfumuko wa bei ilisaidia kweli, kufika 1999 ulikuwa chini ya asilimia 10, asikudanganye mtu kwamba nidhamu haina faida. Lakini wizara na idara hazikuacha kutumia, ziliendelea kuagiza mafuta, chakula, umeme, simu, ila sasa hazilipi. Deni halikupotea, lilihama kutoka kwa mkopeshaji mwenye mkataba likaenda kwa mzabuni mwenye invoisi kwenye bahasha. Ndiyo ikabidi uje mfumo wa malipo wa kompyuta, ule wa Epicor, ili angalau afisa asiweze kuagiza kitu ambacho hakina fungu.

Hapa ndipo mimi nakwama na hoja nzima. Mkopo wa benki unaonekana, una riba, una tarehe. Mkandarasi aliyemaliza kipande cha barabara anazungushwa "njoo wiki ijayo" haonekani kwenye nakisi, mzabuni anayelisha shule ya bweni haonekani, mtumishi anayedai malimbikizo ya kupandishwa daraja naye haonekani. Na huyo mkandarasi naye kakopa benki, riba inamkimbilia yeye, vibarua wake Mbagala hawajalipwa, kwa hiyo serikali imekopa tu, tena bila kuomba. Mfano mkubwa kuliko yote ni pensheni. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wanachangiwa, serikali ikaahidi italibeba deni hilo, miaka ikapita mfuko unalipa wastaafu kwa hela za wanaochangia sasa, mpaka Desemba 2021 ndiyo serikali ikatoa hati fungani maalumu ya zaidi ya trilioni 2 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Miaka yote hiyo kifungu cha "bajeti ilingane" kisingeligusa hilo deni hata kidogo.

Na msiseme ni sisi Waafrika. Jimbo la Illinois Katiba yake inadai bajeti ilingane, na mwaka 2017 lilikuwa na bili zisizolipwa za zaidi ya dola bilioni 16. California 2009 hela ilipoisha wakawapa watu makaratasi ya ahadi badala ya malipo, na nao wana kifungu.

Kuna pia ishu ya mwaka mbaya. 2019 tulipata watalii zaidi ya milioni 1.5, 2020 wakawa kama laki 6 na ushee. Kodi inashuka kwa kosa ambalo siyo la mtu, halafu Katiba inakwambia kata matumizi sasa hivi, yaani unapunguza mishahara na dawa wakati watu wako wamekaa nyumbani. Ule mkopo wa IMF wa 2021, trilioni 1.3 uliojenga madarasa 15,000, usingewezekana bila kuvunja kifungu. Mtajibu tutaweka dirisha la dharura, sawa, Wajerumani nao waliweka. Novemba 2023 mahakama yao ya katiba ikasema serikali haiwezi kuchukua euro bilioni 60 za dharura ya korona ikazipeleka kwenye mambo ya tabianchi, mwaka uliofuata serikali yao ya muungano wa vyama ikavunjika kwa ugomvi wa bajeti, na Machi 2025 wakarekebisha Katiba ili wakope kwa ajili ya jeshi na miundombinu.

Lakini angalau kwao mahakama iliuma. Kwetu nani ataing'ata serikali? CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua hela ikishatumika. Bunge likikataa bajeti, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja, sasa mbunge gani ataanza mchezo huo huku jimboni kwake kuna mtu anamnyemelea? Na Katiba inarekebishwa kwa theluthi mbili ya wabunge, chama kimoja kimekuwa na zaidi ya hapo miaka yote, kwa hiyo hilo kufuli funguo zake ziko mfukoni mwa yuleyule tunayetaka kumfungia. Acha tu kwamba Katiba mpya yenyewe imekwama tangu 2014.

Kama kuna cha kuandika mimi ningeandika vitu vidogo visivyo na mbwembwe. Malimbikizo yote na dhamana zote ambazo serikali imewawekea watu zihesabiwe kama deni na zitangazwe siku ileile bajeti inaposomwa. Na mikopo mikubwa ipite bungeni mmoja mmoja, siyo waziri peke yake chini ya sheria ya mikopo ya serikali ya 1974. Uganda mikopo inapita bungeni na deni lao bado linapanda, najua, hiyo ni pointi nzuri ya kunipiga nayo. Tofauti ni kwamba kule mkopo unajadiliwa hadharani kabla haujasainiwa, na mbunge aliyeunyooshea mkono hawezi kuja baadaye kusema hakuwa na habari.