Huzuni ya Mtoto Anayehamishwa

Jirani yangu mmoja hapa Umoja, Nairobi, aliwawekea wanawe filamu ya katuni ya Inside Out, wakaitazama hadi mwisho, kisha akatangaza kwamba haitarudiwa nyumbani kwake. "Mtoto ameiba kadi ya mamake, amepanda basi kutoroka, akirudi anakumbatiwa?" Tumebishana kwa wiki kadhaa sasa, na nakiri ana hoja.

Wengi mnaijua hadithi. Katika filamu hiyo ya 2015, iliyoongozwa na Pete Docter, Riley wa miaka 11 anahamishwa na wazazi wake kutoka Minnesota hadi San Francisco, huku hisia zake zilizochorwa kama watu, Furaha, Huzuni, Hasira, Woga na Kinyaa, wakiendesha mitambo kichwani mwake. Sehemu ya pili, ya 2024, iliyomleta Wasiwasi, ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.6.

Jirani huyu hutoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku, foleni ya Jogoo Road ikiwa imemmaliza. Yeye mwenyewe alilelewa kwa "jikaze", na kwa kujikaza ndiko amesomesha watoto. Anahofia kwamba ukimzoesha mtoto kutaja kila kinachomuuma, atajifunza kuumwa. Hata wataalamu hawajaafikiana kuhusu hisia zenyewe. Mwanasaikolojia Paul Ekman, aliyewashauri watengenezaji wa filamu, alishikilia kwamba kuna hisia chache za msingi ambazo binadamu wote wanazo. Mwanasaikolojia mwingine, Lisa Feldman Barrett, anasema ubongo huziunda kutokana na yale tuliyopitia na utamaduni tuliolelewa nao. Mimi mwenyewe, nikiwaza majonzi, simanzi, jitimai na kihoro, naona ule mzigo ni mzito kwa Huzuni mmoja wa rangi ya buluu.

Ila wanaosema filamu hii ni malezi ya kizungu ya kudekeza watoto, hao hawakuitazama vizuri. Usiku wa kwanza San Francisco, lori la vyombo halijafika, baba ana presha ya kazi. Mama anaingia chumbani na kumwomba Riley waendelee kutabasamu, wamsaidie baba. Anaomba kwa upole na mapenzi. Lakini hiyo ni "jikaze" ile ile, imepakwa asali tu! Na Riley anatii. Anatabasamu, anasema yuko sawa, siku baada ya siku, mpaka ndani yake kunapooza. Wazo la kutoroka limewekwa na Hasira, lakini mitambo ikishakuwa ya kijivu, hata yeye akijuta na kutaka kuling'oa, halitoki. Ile kadi iliibwa na mtoto aliyekuwa ametii kupita kiasi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu Nairobi ni mji wa kuhama. Mwisho wa mwezi ukifika utaona pikapu zimebeba magodoro, meko na ndoo, kodi imepanda au kazi imekwisha, na juu ya mzigo ameketi mtoto. Mara nyingi ameambiwa asubuhi hiyo hiyo. Shule inabadilika, marafiki wa ploti wanabaki, naye akilia anaambiwa atazoea. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. "Nyamaza kabla sijakupa sababu ya kulia" bado inasikika kila mtaa, kana kwamba sababu hana.

Na sisi si wageni wa kukaa na huzuni. Mtu akifiwa tunakwenda matangani, tunaketi, hatumchekeshi. Tunasema pole, neno lisiloahidi kurekebisha chochote. Kuna mahali Bing Bong, rafiki wa kufikirika wa Riley, anapoteza kigari chake. Furaha anamtekenya, anamfanyia vituko, wapi! Huzuni anaketi kando yake na kumwambia, kwa maana, pole, wamekunyang'anya kitu ulichokipenda. Bing Bong analia, kisha anainuka na safari inaendelea. Mama yeyote wa Kiafrika aliyewahi kukesha matangani anakielewa kitendo hicho bila tafsiri. Ajabu ni kwamba tumekitengea watu wazima.

Nilimwambia jirani kwamba filamu haijasema Riley hataadhibiwa. Kesho yake hatuioni. Tunachoona ni jioni ile tu: mtoto anasema anapakumbuka nyumbani, na wazazi wanakiri kwamba nao wanapakumbuka. Hawakupata muda wa ziada wala mshauri wa kulipwa. Ilikuwa ni dakika chache za kusikiliza, na dakika hizo hata anayefika saa mbili usiku anazo.

Alikaa kimya kidogo, akaniambia yeye aliletwa Nairobi kutoka Kitui akiwa na miaka 10. Amekubali waitazame tena Jumapili. Kuhusu ile kadi, bado hajaniachia.