Mupulize apa!

Batu ba Lubumbashi, mi nimechoka kupuliza. Niko natumika ku mine moja, sitaji jina, bukari yangu, ugali ya kila siku, njo inatokaka kule. Asubui mbele ya kuvaa kaske unapuliza mu alikotesti, mashini ya kupima pombe mu pumuzi, ikiandika kitu ingine isiyo zero unarudia kwa nyumba na barua mu mukono. Ile naitika. Kamio ya kubeba karibu tani 100 haiwezi kuendeshwa na muntu anaona njia mbili.

Lakini munielezee mambo ya buati, nyumba ya kukunwa na kucheza usiku. Siku ya mushahara nafika Kamalondo, shati ya kupiga pasi, biatu binangaa, kijana wa mulango ananinyoshea ile kiloko na kamurija: "Papa, mupulize apa." Eh! Huku munauzisha nini, mafuta ya taa? Nyumba inauzisha pombe inafukuza muntu juu alikunwa pombe! Ni sawa malewa, nyumba ya kuuzisha chakula, ikupime tumbo ku mulango, ikikuta bukari mule, baba rudia.

Shemeki yangu wa Uingereza njo alinielezaka ku WhatsApp. Kule batu banakunwaka kwanza kwa nyumba pombe ya supamaketi juu ni ya bei chini, banafika ku klabu bamekwisha kulewa, ngumi zinaanza, njo polisi ya miji zingine ikapatia klabu ile mashini. Kuendesha motoka Uingereza mwisho ni maikrogramu 35 za pombe mu mililita 100 za pumuzi, na klabu zingine ziliweka mara mbili ya ile. Mara mbili! Kwa ile hesabu mi ningeingia nikicheza. Huyu wetu mwenye buati alikamata mashini, hesabu akaiacha kulekule.

Na mi nilikunwa nini? Munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi! Bikombe bibili bya plastiki ku soko ya Kenya, apa Lubumbashi, kwa mama mwenye ndoo ya bluu. Bahati mbaya ilikuwa ya siku tatu, na munkoyo ya siku tatu munaijua, inachemka yenyewe bila moto. Mashini ikalia piii, nyekundu, batu ku mustari banacheka. Shemeki anaandika: sukutua kinywa, ngojea dakika 20, pombe yenye kubakia mu kinywa njo inadanganyaka mashini. Nikangojea, nimesimama karibu na mama wa michopo na harufu yote ile, nikapuliza tena. Piii. Kijana, rika ya mutoto wangu wa tatu: "Papa, muende mulale." Nilale! Saa tatu ya usiku, mushahara mu mufuko!

Nikarudia. Bibi yangu ananingojea pa mulango, yeye hana mashini, yuko na pua, na ile pua haijaharibika hata siku moja tangu tuoane.

"Puliza."

Napuliza. Ananusa. Ananusa tena, anakunja uso. Anatafuta harufu ya biya ya Simba, Simba hakuna.

"Hii ni munkoyo."

Nikafurahi mi! Njo bile mama, munkoyo tu, hata biya moja sikugusa, uliza mashini!

"Naona. Sasa uniambie, ni mwanamuke gani alikupikia munkoyo?"