Kuku wa Mekatilili na kipaza sauti: chama cha historia kina kazi gani kwenye sherehe?

Bungale, kule Magarini katika Kaunti ya Kilifi, si mahali unapopita ukielekea kwingine. Ukifika Bungale umekusudia. Kwa kawaida mwezi wa Agosti ndipo watu wanapokusudia kwa wingi: wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya mababu, na bakora zao, akina mama waliovaa hando, sketi za asili za Kigiriama, vikundi vya ngoma, wanafunzi, wageni wa serikali. Wamekuja kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, aliyezikwa huko. Nyuma ya maandalizi hayo, kwa miaka mingi, kimekuwepo chama cha utamaduni cha Malindi kinachojulikana kama MADCA.

Kuna ubishi wa chini chini kuhusu vyama vya namna hii, nao si wa Malindi peke yake. Chama ambacho kazi yake ni kutunza kumbukumbu za watu kina shughuli gani na mahema na spika? Wanaouliza hivyo si maadui wa furaha. Wanachokiona ni vikao vya miezi, michango na barua za kuomba ufadhili, vyote vikiishia kwenye siku moja, kisha sikukuu inapita na hakuna hata mzee mmoja aliyerekodiwa.

Nianze na upande wa ngoma, maana ndio unaodharauliwa. Mwaka 1913 Waingereza walipowakazania Wagiriama kwa kodi ya nyumba na kudai vijana wakafanye vibarua, Mekatilili hakuandika waraka. Alicheza. Kifudu, ngoma ya matanga, ilimpitisha kijiji baada ya kijiji, watu wakamfuata, hadi wakafika Kaya Fungo kula viapo: kiapo cha mukushekushe kwa wanawake, kiapo cha fisi kwa wanaume. Anayesema ngoma ni burudani tu na historia iko kwenye makabrasha, basi huyo Mekatilili hajamwelewa. Ngoma ndiyo iliyokuwa mkutano wenyewe.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, mvi zikitosha kuwa ushahidi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba ambalo mtu alikuwa na haraka ya kulirithi. MADCA hiyo hiyo imehusika kuwapa hifadhi wazee waliokimbia kwao, huko Kaya Godoma, Ganze. Sasa mweke kijana wa miaka kumi na sita mbele ya mkutano ambapo mwenye mvi ndiye anayepewa kiti cha mbele, ndiye anayefungua kwa dua, ndiye anayesubiriwa aseme. Sidai kwamba siku moja inafuta chuki ya nyumbani. Lakini sijui kitabu gani kingefanya kazi hiyo kwa watu wengi namna ile kwa wakati mmoja.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwa kuku.

Kila mtu Pwani anakijua kisa cha kuku. Mekatilili alimwendea Arthur Champion, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika baraza, akiwa na kuku na vifaranga. Akamwambia: chukua kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Ndivyo utakavyofanyiwa, akaambiwa, ukiwagusa watoto wetu. Kisa kitamu, na jukwaani hakikosi makofi. Ila kwa wengine Champion alimpiga risasi kuku yule palepale, na kwa wengine Mekatilili alimzaba kofi. Alipokamatwa mara ya kwanza, Oktoba 1913, pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, walipelekwa Kisii, magharibi ya Kenya. Wakatoroka Januari 1914 na kurudi kwa miguu. Na mara ya pili je? Kuna wanaosema Kisii tena, kuna wanaosema Kismayu.

Kwa mtafiti, kutofautiana huku ndiyo mali yenyewe. Kunaonyesha nani alihadithiwa na nani. Kwa mshereheshaji ni kero, kwa sababu dakika zake ni tano. Jukwaa hupenda simulizi moja, na chama kikishakuwa mwenyeji wa jukwaa, nacho huanza kuipenda ile moja. Zinazobaki hufa na wenyewe.

Kuna pia yale ambayo jukwaa haliyataki kabisa. Mekatilili hakupambana na Champion peke yake. Aliwalaani pia wakuu wa vijiji wa Kigiriama waliokuwa wakila mshahara wa serikali. Wakuu hao walikuwa na watoto, watoto wakapata wajukuu, na wajukuu leo huenda wamekaa kwenye safu ya tatu wakipiga makofi kama wengine. Ukilisema hilo kwenye kipaza sauti utaharibu siku. Usiposema, umebaki na hadithi ya Mzungu mbaya na mama shujaa, ambayo ni kweli lakini ni nusu.

Wasiwasi mwingine ni wa vigango. Hivi ni vibao vya mbao vilivyochongwa ambavyo Wagiriama huwasimamishia wafu wao wa Gohu, chama cha kimila cha wazee, na mamia viliibwa vikauzwa, vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudi: makumbusho ya Denver yalirejesha 30 mwaka 2019. Familia moja ya upande wa Kaloleni, iliyorudishiwa chake 2007, ilikisimamisha ndani ya kizimba cha chuma, kisije kikang'olewa tena. Kwa historia hiyo, siwezi kuwacheka wazee wanaonuna kila kitu cha kaya kinapogeuzwa maonyesho. Misitu ya kaya iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na tangu hapo wageni wenye kamera wana sababu zaidi ya kuuliza njia. Chama kinachokaribisha umma kina wajibu wa kusema hapa mwisho, na ni vigumu kusema hivyo huku mfadhili akisubiri picha.

Pamoja na yote hayo, mimi niko upande wa wanaokwenda. Chama kinachojifungia ofisini kusubiri watafiti kitazeeka na faili zake. Ila kiende kama karani, si kama mapambo. Nina maana ya kitu kidogo sana: watu wawili wasio na kazi yoyote ya ratiba, wenye mkeka, daftari na kinasa sauti, wakae pembeni siku nzima. Bei yake haifiki ya hema moja. Siku ile ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo wazee wa vijiji ishirini wamejileta wenyewe, nauli wameshalipiwa.

Katika sherehe moja ya urithi niliyohudhuria, sitasema ya nani, bibi mmoja aliwekwa nambari ya tisa kwenye ratiba. Wageni wakubwa walichelewa, hotuba zikarefuka, na zamu yake ikaliwa. Alikaa na kanga yake begani tangu asubuhi bila kunung'unika. Watu walipoanza kukunja viti, kijana wa chama alichuchumaa karibu naye na simu, chini ya mwarobaini. Bibi akaanza na kisa cha kuku. Kwake hakukuwa na risasi wala kofi: kuku alichinjwa jioni ile, akagawanywa, na kila aliyeonja alihesabiwa kuwa amekubali.

Sijawahi kukisikia kisa hicho kikisimuliwa hivyo popote pengine. Nilimuuliza kijana ataipeleka wapi sauti ile. Akasema iko kwenye simu kwa sasa, ofisini kompyuta imeharibika.