Mustang imebaki peke yake, lakini haijashinda

Desemba 2023 ilizika magari mawili. Kule Lansing, jimbo la Michigan, General Motors (GM) waliunda Chevrolet Camaro ya mwisho. Kule Brampton, Ontario, upande wa Kanada, Dodge wakatoa Challenger ya mwisho. Kati ya mahasimu watatu waliokuwa wakigombea mteja mmoja tangu 2009, likabaki gari moja: Ford Mustang. Mashabiki wa Ford wamelichukua hilo kama hukumu. Wanasema ubishi umekwisha, aliyebaki uwanjani ndiye mshindi.

Siamini hivyo. Ukipima kila kampuni ilichokifanya, utaona Ford walikuwa na mkakati wa kudumu kuliko wengine, lakini Dodge ndio waliomwelewa mnunuzi vizuri zaidi, na GM ndio waliotengeneza gari bora wakalipoteza kwa uzembe wao. Na takwimu za mauzo baada ya mahasimu kuondoka zinatia shaka kama Ford walipata faida yoyote kwa kubaki peke yao.

Kwa asiyeyafuatilia magari haya ya misuli, kanuni yake ni rahisi: milango miwili, boneti ndefu, injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane, mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida Marekani anaweza kuikopea. Kipengele cha bei ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho kilichoanzisha yote. Mustang ilipozinduliwa Aprili 17, 1964, ilianzia dola 2,368, kwa sababu Ford chini ya usimamizi wa Lee Iacocca hawakubuni chesisi mpya. Walichukua vyuma vya Falcon, gari la kawaida la familia, wakaviwekea umbo la kuvutia. Plymouth Barracuda ilikuwa imetangulia kwa wiki mbili, nayo imejengwa juu ya gari la bei nafuu, lakini mbele bado ilifanana mno na lile gari iliyotokana nalo. Ford waliuza Mustang milioni moja chini ya miaka miwili. GM wakajibu kwa Camaro ya mwaka wa modeli 1967. Kwa upande wa Dodge, kampuni mama yao Chrysler ikachelewa hadi 1970 ndipo Challenger ikatoka, na kufikia 1974 ilikuwa imeshasimamishwa.

Tabia za kampuni hizi tatu zilionekana tangu hapo, na kwa maoni yangu hazijabadilika sana: Ford wanawahi na wanajali bei, GM wanajibu kwa uhandisi, Chrysler wanachelewa kisha wanakuja na kishindo.

Nairuka miaka ya mafuta ghali na sheria za moshi, isipokuwa jambo moja. Mustang ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo haikuwahi kukatizwa. Ford waliishusha hadi ikawa gari dogo lililotokana na Pinto, Mustang II, ambayo wapenzi wengi wanaidharau hadi leo. Lakini ilifika sokoni muda mfupi kabla ya vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973, na ikauzwa zaidi ya laki tatu na nusu katika mwaka wake wa kwanza wa modeli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kuigeuza kuwa gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kwa teknolojia ya Mazda. Wateja wakaandika barua kwa wingi kupinga, na gari lile likaishia kuuzwa kwa jina jingine, Probe. Camaro ilisimama 2002, Mustang ikaendelea. Uvumilivu wa aina hiyo nauheshimu kuliko rekodi yoyote ya mbio.

Vita vipya vilianza pale Ford walipotoa Mustang ya modeli ya 2005 yenye sura ya zamani. Challenger ikarudi 2008, Camaro 2009. Hapa ndipo mikakati ilipoachana kabisa.

Dodge walikuwa na mkono mtupu kuliko wote. Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2009, kisha ikaingia mikononi mwa Fiat. Hapakuwa na fedha za kuunda chesisi mpya, kwa hiyo Challenger ilijengwa juu ya msingi uleule wa sedani za Charger na Chrysler 300, wenye baadhi ya vipande vilivyotokana na ushirika wa zamani na Mercedes. Gari likawa refu, pana na zito. Kwenye kona lilizidiwa na wenzake wote wawili. Badala ya kuficha udhaifu huo, Dodge waliacha kabisa kushindana kwenye kona. Wakaelekeza kila kitu kwenye mstari ulionyooka: mwaka wa modeli 2015 wakatoa Hellcat, injini ya HEMI ya lita 6.2 yenye supachaja (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) na nguvu za farasi 707, kwa takriban dola 60,000. Wakati huo ulihitaji magari ya bei mara kadhaa zaidi kupata nguvu kama hizo. Ikafuata Demon ya 2018 yenye nguvu 840, na mwisho kabisa Demon 170 ya 2023 yenye 1,025.

Wapo wanaosema huo ulikuwa ujanja wa kuuza gari kuukuu kwa kelele. Hoja yao ina uzito: chesisi ile ilidumu zaidi ya miaka kumi na mitano bila kubadilishwa kimsingi. Ila tazama kilichokuwa nyuma ya kelele. Buti la Challenger lilikuwa na takriban lita 459, la Mustang kama 382, la Camaro kama 258. Viti vya nyuma vya Challenger vilimkalisha mtu mzima. Kuanzia modeli ya 2017 ungeweza kuinunua ikiwa na injini ya V6 na magurudumu yote manne yakisukuma, kwa ajili ya majimbo ya theluji. Hellcat iliita watu dukani, na wengi waliondoka na toleo la kawaida ambalo wangeweza kulitumia kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Matokeo yakaonekana 2021: Marekani ziliuzwa Challenger 54,314, Mustang 52,414 na Camaro 21,893. Gari kongwe kuliko yote likaongoza.

Deni lilikuwa kwenye mafuta. Sheria ya Marekani ya wastani wa matumizi ya mafuta iliwatoza faini watengenezaji walioshindwa viwango, na kampuni mama ya Dodge ililipa takriban dola milioni 77 kwa modeli za 2016 peke yake, mbali na fedha walizotumia kununua hati za unafuu wa moshi kutoka kwa Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme. Kila Hellcat ilikuwa inauzwa huku siku ya kuizuia ikijulikana kuwa inakuja. Stellantis, kampuni mama mpya ya Dodge, walipozaliwa 2021 na kuamua kwenda kwenye umeme, hapakuwa na gari la katikati la kuvusha wateja. Hilo ndilo kosa lao, na ni kosa la kimkakati, si la uhandisi.

Kwa upande wa GM, nasikitika zaidi, kwa sababu waliwahi kuwa na kila kitu. Camaro iliyorudi 2009 ilitokana na chesisi iliyobuniwa Australia na Holden, kampuni tanzu ya GM, ilikuwa nzito, madirisha yake yalikuwa finyu, na ikaishinda Mustang kwa mauzo miaka mitano mfululizo, 2010 hadi 2014. Watu waliipenda kwa sura. Kisha wahandisi wakaja na kizazi cha modeli ya 2016 juu ya msingi wa Cadillac ATS, sedani ya kifahari ya GM, wakapunguza karibu kilo mia moja au zaidi kutegemea injini, wakaweka V8 ya nguvu 455 kwenye toleo la SS dhidi ya 435 za Mustang GT. Jarida la Motor Trend likaitangaza gari la mwaka. Toleo la ZL1 1LE likazunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 16 mwaka 2017, muda ambao magari ghali ya Ulaya yangejivunia.

Mauzo yakaanguka hapohapo. Kutoka 86,297 mwaka 2014 hadi 50,963 mwaka 2018. Kwa nini? SS ilianzia karibu dola 37,000 wakati Mustang GT ilianzia karibu 33,000. Dereva alikaa chini kana kwamba yumo ndani ya handaki, haoni pembeni wala nyuma. Mdomo wa buti ulikuwa mdogo hata sanduku la kawaida lilipita kwa shida. Na sura ilibaki ileile kiasi kwamba mwenye Camaro ya 2010 hakuona sababu ya kuibadilisha. Walipoibadilisha sura ya mbele kwa modeli ya 2019, wateja wa SS waliikataa hadi kampuni ikarekebisha mwaka uliofuata. Watetezi wa GM wanakumbusha kwamba 2021 uhaba wa chipu za kielektroniki ulisimamisha kiwanda cha Lansing kwa miezi, na ni kweli. Lakini anguko lilikuwa limeanza miaka mitano kabla ya chipu kukosekana, na katika muda wote huo kampuni haikupanua madirisha. Januari 2021 walipotangaza nia ya kuondoa moshi kwenye magari yao mepesi mapya ifikapo 2035, mrithi wa Camaro hakuwamo kwenye hesabu.

Ford walijiuliza swali ambalo wengine hawakujiuliza: nani mwingine duniani anaitaka hii gari? Mustang ya modeli ya 2015 ilikuwa ya kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Waliondoa ekseli nzima ya nyuma, wakaweka springi zinazoliacha kila gurudumu lijitegemee, jambo ambalo wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamelilalamikia kwa miongo. Wakaongeza injini ya silinda nne ya lita 2.3 yenye turbo, kwa nchi zinazotoza kodi kwa ukubwa wa injini. Uingereza, Australia na Afrika Kusini zikafunguka. Kwetu sisi tunaoendesha upande wa kushoto, Kenya, Tanzania na Uganda, tofauti ni kubwa: Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, hivyo Mustang ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo mtu angeweza kuiagiza kutoka Uingereza na kuiendesha kihalali jinsi ilivyotoka kiwandani. Jamaa zetu wa Muscat na Dubai, ambako huendeshwa upande wa kulia, wamezizoea Challenger barabarani. Sisi hatukuwahi kuhesabiwa na Dodge wala Chevrolet.

Kwa hiyo Ford walipotangaza Aprili 2018 kwamba wataachana na karibu sedani zote Amerika ya Kaskazini, Mustang ilibaki kwa sababu ilikuwa na soko la akiba nje. Camaro na Challenger zilitegemea Marekani na Kanada zaidi, na soko hilo lilipogeukia SUV hazikuwa na pa kukimbilia. Hapa nakubaliana na mashabiki wa Ford bila kusita.

Tunaachana pale wanaposema kubaki ni kushinda. Mwaka 2023 Marekani ziliuzwa Challenger karibu 45,000 na Camaro karibu 31,000. Mustang iliuza 48,605. Utengenezaji wa wapinzani ukasimama, na Ford walikuwa na kizazi kipya kabisa dukani, chenye V8 ya lita 5.0. Kama wateja wale walikuwa wa kugombaniwa, mwaka 2024 ungekuwa wa mavuno. Mustang ikauza 44,003. Ilishuka. Hata Mach-E, SUV ya umeme iliyopewa jina la Mustang dhidi ya matakwa ya wengi, iliipita kwa mauzo nchini Marekani mwaka huo.

Inawezekana kulaumu riba za mikopo, ambazo kweli zilipanda, na mabaki ya Challenger yaliyokuwa bado kwa mawakala 2024. Hata hivyo hesabu haifungi. Mnunuzi wa Challenger alitaka nafasi na fahari ya gari pana, Mustang haimpi. Ubishi wenyewe ulikuwa tangazo: kila Hellcat ilipotoka, vijana walilinganisha matatu, na mmoja kati yao akanunua Mustang. Sasa hakuna cha kulinganisha. Soko la Coca-Cola bila Pepsi lingepoa vilevile.

Dodge wenyewe wamejaribu kurudi. Charger Daytona ya umeme, yenye hadi nguvu 670 na spika za kuigiza mngurumo, haikupokelewa kama walivyotarajia. Carlos Tavares, mkurugenzi mkuu wa Stellantis aliyesukuma mkakati wa umeme, alijiuzulu Desemba 2024, na mwezi huohuo Tim Kuniskis, aliyekuwa nyuma ya Hellcat, akarudishwa kutoka kwenye mapumziko ya kustaafu. Sasa Charger ina toleo la petroli, silinda sita zenye turbo mbili na hadi nguvu 550, na mwaka 2025 Bunge la Marekani liliifuta faini ya matumizi ya mafuta. Mlango uliofungwa umefunguliwa nusu.

Ford wangekuwa na hekima kuiombea Dodge mafanikio, na wakati huohuo kutazama bei zao. GTD, Mustang ya zaidi ya dola 300,000, ilizunguka Nürburgring chini ya dakika saba, nami naistahi kama kazi ya wahandisi. Lakini fedha na wahandisi hao ningewapeleka kwanza kwenye toleo la silinda nne, lile ambalo kijana wa miaka ishirini na tano bado anaweza kukopeshwa na benki, kabla bei yake haijapanda na kumtoa nje naye.